Saa Yenye Lenzi: Radi, Kamera za Kasi na Kipimo cha Muda

Radi ikipiga, jicho huona mstari mmoja wa mwanga ukishuka kutoka winguni hadi ardhini. Karibu kila neno la sentensi hiyo lina walakini. Mara nyingi mstari si mmoja, na sehemu inayong'aa kuliko zote haishuki: hupanda. Waliolionyesha hilo kwa vipimo walikuwa Johannesburg katika miaka ya 1930, na chombo chao kilikuwa kamera ya ajabu isiyopiga picha nyingi kwa sekunde bali picha mbili tu, zote za tukio lile lile.

Mihadhara kuhusu kamera za kasi huwa inaanza na farasi wa mpiga picha Muybridge, farasi aliyepigwa picha California mwaka 1878 akiwa na miguu yote minne hewani. Leo farasi huyo aachwe apite. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kamera hizi, ambazo wengi huzijua kwa marudio ya mwendo wa pole kwenye televisheni, ni saa kwanza na jicho baadaye. Anayezitumia kama jicho tu hupata picha za kupendeza, na wakati mwingine hupotoka.

Kamera ya Johannesburg ilibuniwa mwaka 1900 na Charles Vernon Boys, mwanafizikia Mwingereza. Alifunga lenzi mbili kwenye kisahani kinachozunguka kwa kasi, moja upande huu na nyingine upande wa pili, mbele ya filamu iliyotulia. Tukio likichukua muda wowote, hata uwe mdogo namna gani, lenzi huwa zimeshasogea, na picha hupinda kidogo. Kwa kuwa lenzi moja inakwenda kulia wakati mwenzake anakwenda kushoto, picha mbili hupinda kinyume. Mpimaji akiziweka pamoja, tofauti ya milimita chache humwambia ni sehemu gani iliwaka kwanza, na ipi ikafuata baada ya muda gani. Muda umegeuzwa kuwa urefu, na urefu hupimika kwa rula.

Shida ilikuwa radi yenyewe, isiyo na ratiba. Boys alikaa na kamera yake zaidi ya robo karne kabla ya kupata picha ya maana, mwaka 1928, tena akiwa Marekani. Kwao Uingereza radi ni chache. Basil Schonland, mzaliwa wa Grahamstown huko Afrika Kusini, hakuwa na uhaba huo. Yeye na wenzake waliielekeza kamera ya Boys kwenye dhoruba za msimu wa mvua za Johannesburg, na picha zikaja kwa wingi.

Zilionyesha hivi. Hutangulia mkondo hafifu wa umeme unaoshuka kwa hatua: kama mita 50, unasita kwa takriban sehemu 50 za milioni ya sekunde, kisha hatua nyingine, huku ukitafuta njia na kujigawa matawi. Safari nzima huchukua milisekunde 20 hivi, milisekunde ikiwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Njia ikishaungana na ardhi, mwanga mkali hupanda kuelekea winguni kwa kasi inayoweza kufikia theluthi moja ya kasi ya mwanga. Mara nyingi njia ile ile hupitiwa tena mara tatu au nne, kwa nafasi ya milisekunde 40 au 50, na ndiyo maana mtu makini huona radi ikimetameta kama taa yenye waya uliolegea. Katika hayo yote, jicho liliambulia huko kumetameta tu.

Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mjini humo humo, bado kinaichunguza radi, sasa kwa kamera za kidijitali. Taabu ya kungoja imepata dawa. Kamera ya kisasa hurekodi bila kukoma ndani ya kumbukumbu yake, ikifuta picha za zamani kila mpya zinapoingia. Mtafiti hubonyeza kitufe baada ya radi kupiga, na kilichotokea kabla ya kidole chake kusogea kinahifadhiwa. Ni ubunifu usiosifiwa vya kutosha.

Gharama ya kasi ni hesabu tupu. Kamera ikipiga picha 10,000 kwa sekunde, na zikaonyeshwa 25 kwa sekunde kama ilivyo kawaida ya televisheni, sekunde moja ya tukio huwa dakika 6 na sekunde 40 za kutazama. Na kila picha hupata mwanga mara 400 pungufu ya ule ambao kamera ya kawaida ingeweza kuupata. Radi huja na mwanga wake. Magari hayaji nao, kwa hiyo maabara za kugongesha magari hufungwa taa kali kupindukia. Mfuko wa hewa wa gari hujaa kwa takriban milisekunde 30. Kamera ya picha 25 kwa sekunde huachanisha picha zake kwa milisekunde 40, hivyo inaweza kuukosa ujazaji wote. Kamera ya picha 1,000 hupata kama 30, na mhandisi huona ni lini hasa kichwa cha mwanasesere wa majaribio kilikutana na mfuko.

Saa hiyo hupima hata viumbe. Katika bahari, kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki, anaishi mnyama wa jamii ya kamba mwenye rangi za tausi, anayevunja konokono kwa ngumi. Mwaka 2004 mtafiti Sheila Patek na wenzake walitangaza vipimo vya pigo lake vilivyotokana na picha 5,000 kwa sekunde: kati ya mita 14 na 23 kwa sekunde, ndani ya maji. Picha zilifichua pia viputo vinavyozuka mahali pa pigo na kusambaratika. Konokono hupigwa mara mbili, kwanza na ngumi, kisha na kiputo, karibu nusu milisekunde baadaye. Bila saa hiyo, mapigo mawili yangehesabiwa moja.

Kamera ya mwisho wa mbio ni ndugu wa karibu wa ile ya Boys. Hutazama mstari wa kumalizia peke yake, kupitia ufa mwembamba, na kuunganisha vipande vyake kimoja baada ya kingine, hivyo upana wa picha ni muda wala si umbali. Kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, baada ya kilomita 10, Paul Tergat wa Kenya alishindwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia kwa sekunde 0.09. Paris mwaka 2024, katika mita 100, Noah Lyles alimtangulia Kishane Thompson kwa sekunde 0.005.

Mpira wa miguu umeshaelewa hatari ya kupunguza mwendo huku saa ikisahauliwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watu wakitazama kitendo cha ukatili kwa mwendo wa pole, huwa wepesi zaidi kuamini kuwa mtendaji alikusudia, maana anaonekana kama alipata muda wa kufikiri ambao hakuwa nao. Taratibu za VAR, yaani waamuzi wa video, huelekeza mwendo wa pole utumike kwa mambo kama mahali mguu ulipogusa, na mwendo wa kawaida kwa kupima ukali wa rafu. Mashabiki wangeonyeshwa marudio ya mwendo wa kawaida mara nyingi zaidi, mabishano ya vibandani yangepungua kidogo.

Radi nayo imetafutiwa kamera angani. Chombo kilichokuwa kwenye setilaiti ya TRMM, iliyorushwa mwaka 1997, kilipiga picha takriban 500 kwa sekunde, na takwimu zake zilizochapishwa mwaka 2016 ziliiweka Kabare, Kivu Kusini, ya kwanza Afrika: zaidi ya radi 200 kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka. Zilionyesha pia kwamba Ziwa Viktoria hupigwa zaidi usiku, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Lakini TRMM ilitazama mahali kwa takriban dakika moja na nusu tu na kuondoka, hivyo isingeweza kumwonya mtu. Tangu Desemba 2022 kuna setilaiti ya Ulaya, ya kizazi cha tatu cha Meteosat, isiyohama juu ya Afrika, yenye kamera nne za radi, kila moja ikipiga picha 1,000 kwa sekunde usiku na mchana.