BEI IPANGWE KABLA KABICHI HAIJAKATWA

(Hotuba ya Kamati ya chama chetu cha wakulima wa mboga, iliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama. Tumeiandika hapa ubaoni kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Tumewaita tuambizane ukweli kuhusu haya maduka makubwa ya mjini, yaani supamaketi. Kwanza tujilaumu wenyewe, maana msimu uliopita Kamati yenu ndiyo iliyokosea.

Mtakumbuka tulipakia Fuso nzima ya kabichi na karoti kwa oda ya simu tu. Karatasi hapakuwa. Gari lilipofika Dar es Salaam tukaambiwa karoti ni ndogo, kabichi zimechubuka, na bei imeshuka. Tungefanya nini? Turudi Lushoto na mzigo unaooza? Tukakubali. Zilizokataliwa tukaziuza sokoni kwa bei ya kutupa. Zile zilizopokelewa, pesa yake ilikuja baada ya miezi mitatu, wakati mbegu za msimu mwingine tulishazikopa.

Halafu likaja jambo la pili, nalo linauma zaidi. Tulipokaa tukakubaliana tusipeleke tena mpaka tuandikiane, baadhi yetu walipeleka kwa mlango wa nyuma, tena kwa bei ya chini. Hatuwataji. Mmoja alikuwa na mtoto hospitali, mwingine anadaiwa ada ya shule. Je, wewe ungesubiri?

Ndugu, hapo ndipo penye kiini. Mnunuzi anatushinda kwa mambo mawili: anatukuta mmoja mmoja, na anajua mboga haisubiri. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Lakini kahawa hukauka ikakaa ghalani. Kabichi yetu ikikatwa leo, baada ya siku chache ni chakula cha ng'ombe. Kwa hiyo nguvu yetu haiko kwenye geti la mnunuzi. Iko shambani, kabla kisu hakijagusa kabichi.

Wala msidhani ni sisi tu. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2019 kwamba mnunuzi mkubwa asimcheleweshee muuzaji mdogo malipo ya vyakula vinavyoharibika upesi kupita siku 30. Huko nako wakulima walikuwa wanalia. Na jirani zetu Kenya walikiona: Nakumatt, yenye maduka mengi, ilipoanguka iliacha madeni ya mabilioni ya shilingi kwa waliokuwa wakiipelekea bidhaa. Ukubwa wa duka siyo dhamana ya malipo.

Sasa Kamati inaleta mapendekezo manne:

1. Oda iwe ya maandishi: bei, kilo, daraja na siku ya kulipa. Bila karatasi, hatukati.

2. Tuchambue na kupima hapa hapa kijijini, kwa mzani wa chama uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Mtu wa mnunuzi aone na asaini kabla gari halijaondoka. Akishasaini, asituambie tena mjini kwamba karoti ni ndogo.

3. Tusimpe mnunuzi mmoja mzigo wote. Nusu iende kwake, nusu sokoni na kwenye mashule. Mwenye mlango mmoja hufungiwa nje.

4. Tuwe na mfuko wa dharura. Kila mauzo yakatwe kidogo, ili mwenye mgonjwa au ada akopeshwe hapa, asikimbilie mlango wa nyuma. Umoja usio na akiba hauvuki hata wiki.

Tunajua hili la nne lina ubishi. Wengine mnasema, "Makato tulishakatwa sana, na yakaliwa." Ni kweli, wala hatuwezi kukasirika mkisema hivyo. Ndiyo maana tunataka hesabu ya mfuko ibandikwe ubaoni hapa kila mwezi, kilichoingia na kilichotoka, kila mwenye macho asome, na asiyejua kusoma asomewe.

Jumamosi tutapiga kura, pendekezo moja moja. Anayekataa aje akatae mbele ya wenzake, siyo usiku na gari la mnunuzi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tufike wote.



Kamati