Tuanze na njia, ndipo tuchague kiti



Kiti mwendo hukabidhiwa kwenye sakafu ya ukumbi, lakini hutumika njiani. Ukumbini kuna saruji iliyosawazishwa, kuna mgeni rasmi na wapiga picha, na kiti kinateleza ukikigusa kwa kidole. Kesho yake kiti hichohicho kiko Kigamboni kwenye mchanga, au Lushoto kwenye mteremko uliochimbwa na mvua, au Shinyanga ambako udongo mweusi wa mbuga ukilowa hung'ang'ania tairi. Huko ndiko kinakopimwa, na vingi tunavyogawa hushindwa mapema. Vilibuniwa kwa njia ya mtu mwingine.

Maoni yangu leo ni haya. Kabla hatujanunua wala kupokea kiti mwendo, tuitazame njia atakayopita mwenye kiti, tuupime mwili wake, na neno la mwisho tumwachie yeye. Tukifuata utaratibu huo, kwa watu wengi wa vijijini na pembezoni mwa miji tutajikuta tunachagua kiti cha magurudumu matatu.

Kile kiti cha kukunja tulichokizoea hospitalini, chenye magurudumu mawili makubwa nyuma na mawili madogo mbele, kilipata umbo lake Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Herbert Everest, mhandisi wa migodi aliyeumia mgongo katika ajali ya mgodini, alishirikiana na Harry Jennings, mhandisi wa mitambo, kutengeneza kiti kinachokunjika ili kiingie ndani ya gari. Walifanikiwa, na dunia ikaiga. Kwa mtu mwenye gari mlangoni na lami mbele ya nyumba, kazi yao ilikuwa ukombozi, na hadi leo kiti hicho kinafaa wodini, ofisini na kwenye korido.

Sasa tazama yale magurudumu madogo ya mbele. Yako karibu na miguu ya aliyekaa, kwa hiyo hubeba sehemu kubwa ya uzito wake. Penye mchanga huzama. Penye jiwe hukwama, kiti kikasimama ghafla, na aliyekaa akarushwa mbele. Mtu ambaye kiuno chake hakina nguvu hana namna ya kujizuia. Akianguka mara mbili tatu, familia humkataza kutoka nje, na kiti kilicholetwa ili kimtoe ndani kinageuka kuwa sababu ya kumweka ndani.

Kiti cha magurudumu matatu kimejibu tatizo hilo kwa njia rahisi. Nyuma yapo makubwa mawili. Mbele lipo moja tu, kubwa kuliko yale madogo ya hospitalini, tena limesogezwa mbali mbele ya miguu. Urefu huo ndio siri yake. Uzito mwingi unarudi nyuma kwenye magurudumu makubwa, la mbele linabaki jepesi, likikuta jiwe linapanda badala ya kuchimba. Na kwa kuwa gurudumu la mbele liko mbali, kiti hakipinduki mbele kwa urahisi. Kuna faida nyingine ambayo kila aliyepika kwa kuni anaijua: chungu juu ya mafiga matatu hakiyumbi, hata kama ardhi haiko sawa. Kiti cha magurudumu manne chenye fremu ngumu kikifika penye makorongo, gurudumu moja huning'inia hewani. Likiwa ni lile la kusukuma, mwenye kiti anazungusha bure wala hasogei.

Miongoni mwa walioendeleza viti vya namna hii ni shirika la Motivation la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1991 na David Constantine na wenzake. Constantine mwenyewe ni mtumiaji wa kiti mwendo tangu alipoumia shingo alipopiga mbizi akiwa kijana. Waswahili walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mbunifu anayekaa kwenye kiti siku nzima anazijua kasoro ambazo wengine hatuzioni.

Lakini sitaki mtu yeyote atoke hapa akadhani magurudumu matatu ni dawa ya kila jambo. Urefu uleule unaosaidia njiani unasumbua ndani ya nyumba. Kiti kinahitaji nafasi kubwa kugeuka. Hakisogei karibu na meza, kwa sababu gurudumu la mbele linagonga kwanza. Kukipandisha kwenye daladala ni kazi. Na kwenye mteremko, ukikata kona kwa kasi, kinaweza kupinduka kwa pembeni kuelekea mbele, maana upande ule hakuna gurudumu la kukizuia. Anayekitumia lazima afundishwe kushuka taratibu na kunyoosha njia yake. Kwa mwanafunzi wa chuo anayeishi ghorofani mjini, huenda kiti kifupi cha magurudumu manne kikamfaa zaidi. Ndiyo maana nasema tuanze na njia.

Basi tuchagueje?

Kwanza, fuata siku ya kawaida ya mtu huyo, kuanzia anapoamka hadi anapolala. Anatoka chumbani kwenda wapi? Choo kiko umbali gani? Shule, soko, bomba la maji, msikiti au kanisa? Chukua futi kamba upime mlango mwembamba kuliko yote atakayopita. Mara nyingi utakuwa mlango wa choo. Kiti kisichoingia chooni kinamwacha mtu mzima ajiburute sakafuni au abebwe na watoto wake. Kama mlango ndio tatizo, pengine ni nafuu kuupanua mlango kuliko kukibadili kiti.

Pili, uliza nani atakuwa anakiendesha. Mtu mwenye mikono imara na safari ndefu anaweza kufaidika na baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Nenda mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, au kati ya Goma na Gisenyi, uone wafanyabiashara wenye ulemavu wanavyovusha mizigo kwa baiskeli hizo na kulisha familia zao. Ila baiskeli hiyo hubaki uani. Ndani ya nyumba mtu huyo anahitaji njia nyingine ya kusogea.

Hali ni tofauti kwa mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mbeleko humsaidia miaka ya mwanzo, lakini mtoto anakua na mgongo wa mama haukui naye. Huyu anahitaji kigari cha magurudumu matatu cha kusukumwa: chenye mikono ya kusukumia inayofika usawa wa kiuno cha mama, breki anayoweza kuifikia bila kuinama, mikanda inayomshika mtoto kifuani na nyonga, na egemeo la kichwa. Kigari kiwe na nafasi ya kurekebishwa, kwa sababu kinachomtosha mtoto mwaka huu mwakani kitambana. Na mtoto huyo asifungwe kwa mikanda mikali ili tu akae wima. Kiti ndicho kifuate mwili wake.

Tatu, pima mwili. Kiti kipana mno humfanya mtu ainame upande mmoja na kumlazimu anyooshe mikono mbali kuyafikia magurudumu. Kiti chembamba mno humbana nyonga. Vikanyagio vikiwa juu sana, uzito wote huhamia makalioni. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo, ambaye hahisi maumivu sehemu hizo, hapo ndipo vinapoanzia vidonda vya mgandamizo, vidonda vinavyochimba hadi mfupani na vinavyoua watu. Kwa hiyo mto mzuri wa kukalia ni sehemu ya kiti, kama gurudumu lilivyo sehemu ya kiti. Ukipewa kiti bila mto, jua umepewa nusu.

Nne, mtafute fundi kabla hujakipata kiti. Nenda kwa fundi baiskeli wa mtaa wako umuulize ana tairi na tyubu za ukubwa gani, beringi gani, spoki gani. Kiti kinachotumia vifaa vya baiskeli kitaishi miaka. Kiti chenye tairi la ukubwa usiopatikana hapa kitakufa siku tairi hilo litakapoisha. Tairi la upepo hulainisha njia, lakini palipo na miiba ya migunga andaa pampu na viraka. Tairi lisilo na upepo halipati pancha, ila ni zito na hutikisa mwili. Ukanda wa pwani una tatizo lake la chumvi: angalia rangi ya fremu, paka mafuta, usiache maji ya bahari yakauke kwenye beringi.

Somo la kusikiliza watumiaji lipo hapahapa Tanzania. Mwaka 2005, Amos Winter, mwanafunzi wa chuo cha teknolojia cha MIT huko Marekani, alikuja kuchunguza viti vinavyotumika nchini. Baadaye yeye na wenzake wakabuni kiti cha magurudumu matatu kinachoitwa Leveraged Freedom Chair. Mwendeshaji anasukuma fimbo mbili: akishika juu anapata nguvu ya kupanda kilima, akishika chini anapata kasi penye tambarare. Mnyororo na vifaa vingine vya mwendo ni vya baiskeli ya kawaida. Kilipoletwa Afrika Mashariki kujaribiwa, watumiaji walikisifu njiani, kisha wakasema wazi kwamba ni kizito mno na ni kipana mno kwa ndani. Wabunifu hawakubishana nao. Walirudi karakana, wakakipunguza upana na uzito. Kiti bora kilitoka kwa waliokikalia.

Msikilizaji, miongozo ipo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo kwa nchi zenye uwezo mdogo, wenye hatua 8: kumpokea mtu, kumpima, kuamua kiti kinachomfaa, kutafuta fedha na kuagiza, kukiandaa, kukijaribisha mwilini, kumfundisha kukitumia, na mwisho kumfuatilia na kukitengeneza. Kwenye hafla zetu tunafanya jambo moja tu, kukabidhi. Wataalamu nao wapo. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kenya kuna shirika la APDK, linalotengeneza viti mwendo kwa mikono ya wenyeji.

Sheria pia ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010. Halmashauri zetu hutenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini mkopo wa biashara kwa mtu asiyeweza kufika sokoni ni deni tu. Mtaji na usafiri viende pamoja.

Kwa hiyo nawaomba waheshimiwa madiwani na wabunge, na nyinyi wafadhili wenye moyo mwema: punguzeni idadi ya viti mkilazimika, lakini kila kiti kitoke na kipimo, mto, mafunzo na fundi anayejulikana. Viti 20 vinavyotembea baada ya miaka mitatu vina thamani kubwa kuliko 100 vilivyoegemea ukuta huku kuku wakitagia juu yake.

Na wewe unayesubiri kiti, nakusihi usikipokee ukiwa umelala kitandani au umekaa ukumbini. Omba utoke nacho nje. Kipitishe kwenye kokoto, kipandishe kidogo, kishushe, kigeuze, jaribu breki zake, kaa nacho nusu saa kisha mtu akukague ngozi kama ina alama nyekundu. Kisipokufaa, sema hakikufai na useme kwa nini. Kusema hivyo si utovu wa shukrani. Miguu hiyo ni yako, njia hiyo ni yako, na hakuna anayezijua kukushinda.

Hayo ndiyo maoni yangu.