Mashetani Lokichar: Kuchagua Tamthilia ya Afya ya Akili kwa Msimu wa Chuo

Kamati ya maigizo ya chuo inapoketi kuchagua tamthilia kuhusu afya ya akili, macho hukimbilia ng'ambo. Huko kweli kuna kazi nzito. *4.48 Psychosis* ya Sarah Kane ilipanda jukwaani London mwaka 2000, zaidi ya mwaka mmoja baada ya mwandishi wake kujiua. *Every Brilliant Thing* ya Duncan Macmillan inahitaji mwigizaji mmoja tu na watazamaji walio tayari kumsaidia, kwa hiyo hata kikundi kisicho na pesa kinaimudu. Makala hii haizidharau. Inasema tu kwamba msimu wa Turkana, Kenya, utakaoanzia Lodwar, uende Kakuma na kushuka hadi Lokichar una tamthilia iliyo karibu zaidi, na imeandikwa kwa Kiswahili: *Mashetani* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1971.

Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa *Kinjeketile* ya 1969. Katika *Mashetani* wanafunzi wawili wa chuo kikuu, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo chini ya mbuyu. Juma anakuwa Shetani, Kitaru anakuwa Binadamu. Mchezo unakwisha, lakini haumtoki Kitaru kichwani. Unamfuata nyumbani, unamvurugia usingizi na mawazo, na jamaa zake wanabaki kuhangaika. Juma naye ana yake: anatoka katika ukoo uliopoteza mali na heshima baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, ilhali kwao Kitaru neema ndiyo kwanza imeingia.

Wahakiki wengi wameisoma tamthilia hii kama fumbo la siasa za baada ya uhuru, na wana haki. Ila mwongozaji akimchukulia Kitaru kuwa fumbo tu, atampoteza mgonjwa. Kijana huyu anaumwa. Ukubwa wa Hussein ni kwamba hakuyatenga maumivu hayo na mali, urafiki na historia ya watu wanaomzunguka.

Hapo ndipo Lokichar inapoingia. Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba kampuni ya Tullow imegundua mafuta katika kisima cha Ngamia 1. Mji mdogo wa barabara ya Kitale–Lodwar ukawa mji wa matumaini: hoteli, viwanja, zabuni, ajira za ulinzi na udereva. Mwaka 2018 malori yalianza kubeba mafuta ghafi kwenda Mombasa, na muda si mrefu wakazi wakayazuia wakidai usalama. Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa kama 200,000, iliondoka nchini kwa meli. Mwaka uliofuata usafirishaji ukasimama, na mwaka 2025 Tullow ikakubali kuiuzia Gulf Energy mali zake za Kenya. Katikati ya hayo yote misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020, bila mvua ya maana, na mifugo ikafa.

Wachukuliwe vijana wawili waliochunga mbuzi pamoja. Mmoja amepata kandarasi na gari. Mwingine amepoteza kundi lake, na kwa Mturkana kundi ndilo mahari, ndilo chakula, ndilo neno lake mbele ya wazee. Bado wanakaa meza moja, wanacheka, na kila mmoja ana jambo asiloweza kulitaja. Hao ndio Juma na Kitaru, na hakuna haja ya kubadili hata sentensi moja ya Hussein ili watazamaji wawatambue. Mbuyu tu ndio utageuka mgunga, kwa kuwa huku kivuli cha mti ndicho ukumbi wa wanaume wa kijiji.

Makala inasisitiza jambo moja la uongozaji: ugonjwa wa Kitaru usichezwe kwa vichekesho. Kupepesa macho, kuchana nguo na kukimbiakimbia jukwaani huwapa watazamaji ruhusa ya kumcheka jirani yao kesho yake. Vivyo hivyo emuron, mganga na mwaguzi wa Waturkana, asiongezwe kama kikaragosi cha ujinga. Familia nyingi humwendea yeye kwanza, na mhudumu wa afya anayemdhihaki hufunga mlango ambao angeuhitaji.

Sheria ya Kenya nayo imesogea. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mtazamaji aliyewahi kufika ukingoni anastahili kuisikia habari hiyo papo hapo, kabla watu hawajatawanyika.

Kuhusu mjadala wa baada ya onyesho, mfano bora uko Malya, mkoani Mwanza, Tanzania, ambako wanatamthilia Penina Mlama na Amandina Lihamba walifanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hawakufika na mchezo uliokwisha kuiva. Waliwaacha wanakijiji wataje tatizo, nalo likawa mimba za wasichana, kisha wakalijenga kwa ngoma za palepale. Turkana ina ngoma yake, edonga, na baada ya *Mashetani* duara la edonga linaweza kubeba maswali ambayo mtu hawezi kuyasema kwa kipaza sauti. Mjadala uendeshwe kwa Kiturkana Lokichar. Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, utahitaji wakalimani, ingawa Wakongo na Warundi wengi watafuata Kiswahili bila shida.

Ziara ianzie Lodwar kwa sababu ndiko iliko hospitali ya rufaa ya kaunti, na wahudumu wake waitwe kwenye mazoezi, wasisubiri usiku wa onyesho. Lokichar iko kiasi cha kilomita 80 kutoka hapo. Mtu atakayejitambua katika Kitaru hawezi kuambiwa aende hospitali kisha aachwe atafute nauli. Kwa hiyo bajeti ya msimu iweke fedha za mhudumu wa kusafiri na waigizaji na kubaki mjini siku kadhaa baada ya jukwaa kuvunjwa. Pesa zikipungua, yapunguzwe mavazi na taa.