Hospitali ya Mkoa na Watu Wake

 Leo tumepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya kazi yetu, sisi tunaofanya kazi katika hospitali ya mkoa. Wengi wenu mmepata kufika hospitali, ama kwa maradhi yenu wenyewe, ama kwa kumpeleka mtoto au mzazi. Mmeona watu wakipita huku na huku, huyu amevaa koti jeupe, yule amevaa nguo za uuguzi, mwingine amebeba ndoo na ufagio, wala hamkupata mtu wa kuwaeleza huyu ni nani na yule kazi yake ni nini. Mtu asiyeijua nyumba hujiona mgeni hata kama nyumba ni yake. Nasi twapenda muijue, maana hospitali ile ni mali yenu.

Kwanza tuseme hospitali ya mkoa ni kitu gani. Katika Tanzania matibabu yamepangwa mfano wa ngazi. Kipandio cha kwanza ni zahanati, iliyo karibu na kijiji. Juu yake ni kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na juu ya hiyo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Mathalan, watu wa Tanga wanayo Bombo, wa Kigoma wanayo Maweni, wa Tabora wanayo Kitete, na wa Mtwara wanayo Ligula. Ugonjwa ukishindikana hapo, mgonjwa hupelekwa katika hospitali kubwa za kanda, kama Bugando kule Mwanza au KCMC kule Moshi, ambazo zote mbili zilifunguliwa mwaka 1971, au hupelekwa Muhimbili, hospitali ya taifa iliyoko Dar es Salaam.

Ngazi hii haikuwekwa ili kuwasumbua watu. Mtoto mwenye malaria hupimwa kwa tone la damu ya kidole pale pale zahanati, akapewa dawa ya mseto ya siku 3, akapona bila ya kusafiri. Ikiwa kila mwenye homa atakuja mkoani, ni nani atakayemwangalia yule aliyevunjika paja katika ajali ya pikipiki? Kwa hiyo mgonjwa atokaye chini hupewa barua ya rufaa. Msiidharau barua hiyo wala msiisahau nyumbani. Ndani yake imeandikwa mgonjwa amepewa dawa gani, kiasi gani, na saa ngapi. Bila ya barua twaweza kumpa mara ya pili dawa aliyokwisha kupewa, na dawa ikizidi kiasi hugeuka sumu.

Sasa tuwataje wenye kazi. Mkubwa wa hospitali ni mganga mfawidhi. Chini yake wako madaktari, na kila mmoja ana upande wake: wako wapasuaji, wako wa magonjwa ya watoto, wako wa uzazi. Pamoja nao wako matabibu, ambao aghalabu ndio wa kwanza kumsikiliza mgonjwa wa nje. Lakini daktari humwona mgonjwa kwa muda tu, kisha huenda kwa mwingine. Anayekaa naye mchana kutwa na usiku kucha ni muuguzi. Muuguzi ndiye ampimaye joto na mapigo ya moyo, ampaye dawa kwa saa yake, na ndiye ajuaye kwamba mgonjwa wa kitanda cha sita hakula tangu jana. Zamu zipokezanapo, muuguzi anayetoka hupita kitanda kwa kitanda na yule anayeingia, akamweleza habari za kila mgonjwa. Hawezi kwenda nyumbani kabla hajamaliza kukabidhi, hata awe amechoka vipi.

Wako na wengine msiowaona kwa urahisi. Katika maabara wako wataalamu wanaotazama damu, choo na makohozi kwa hadubini na mashine, ili daktari asitibu kwa kubahatisha. Katika chumba cha upasuaji yuko mtaalamu wa usingizi, ambaye mgonjwa akisha kulala hamwachi hata dakika moja, bali hukaa kichwani pake akilinda pumzi zake. Yuko mfamasia atunzaye dawa. Yuko mpiga picha za eksirei. Yuko afisa ustawi wa jamii, na huyu mumjue sana: mtu asiye na uwezo wa kulipa asitoroke usiku na kidonda chake, bali aombe kupelekwa kwa afisa huyo ili hali yake ichunguzwe. Wako pia dereva, dobi, mpishi, mlinzi na mhudumu wa usafi.

Huenda mtu akasema, "Mfagiaji ni mtu wa hospitali kweli?" Na tumjibu. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya mji wa Vienna, daktari aliyeitwa Ignaz Semmelweis aliona kwamba akina mama waliozalishwa na madaktari walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi kuliko wale waliozalishwa na wakunga. Akachunguza, akatambua kwamba madaktari hao walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuja moja kwa moja kwa wazazi. Akaamuru kila mmoja anawe mikono kwa maji yenye klorini, na vifo vikapungua sana. Basi uchafu waweza kumwua mgonjwa ambaye ugonjwa wake mwenyewe usingemwua. Anayeosha sakafu, na anayetia vyombo vya upasuaji katika mvuke wa nyuzi 121, wote wawili wanatibu.

Nasi tunayo sababu nyingine ya kumheshimu mfagiaji. Zamani tulifanya kazi katika hospitali moja, ambayo hatutaitaja jina, na usiku mmoja wa masika tulikuwa zamu. Mama mmoja mwenye mimba ya nne alikuwa ameanza uchungu alfajiri kijijini kwake. Mkwewe, mama wa mume, akasema, "Huyu amezaa watatu humu humu ndani, huyu wa nne atamshindaje?" Wakangoja. Jioni damu ikaanza kumtoka. Mume alikuwa safarini, na wazee wakaona haifai kumwondoa mke wa mtu bila ya mwenyewe kutoa idhini na nauli. Wakangoja tena. Mume aliporudi ndipo walipompeleka zahanati. Mkunga wa pale akamtundikia maji, akaandika barua, akawaambia waende mkoani upesi. Lakini gari halikuwapo. Walipopata lori la mizigo, mto ulikuwa umejaa, wakazunguka njia ya mbali. Walifika kwetu saa nane ya usiku.

Wasikilizaji, hapo mtadhani taabu imekwisha. La, haikwisha. Mlangoni walimkuta mlinzi aliyekuwa mgeni wa kazi, naye akawaonyesha benchi ili wangoje foleni ya kadi. Wakakaa kwa adabu kama walivyoambiwa. Robo saa ikapita. Mhudumu wa usafi alikuwa akiosha sakafu, akaona mchirizi wa damu kutoka mlangoni hadi kwenye benchi. Hakungoja kuuliza. Aliliacha fagio lake chini, akavuta kitanda cha magurudumu, akamlaza yule mama na kumkimbiza wodi ya wazazi huku akimwita mkunga kwa sauti.

Mkunga akamwamsha daktari, daktari akamwita mtaalamu wa usingizi, na mtu wa maabara akaenda mbio kupima kundi la damu. Mama akapasuliwa. Mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Mama alipona, lakini kwa kunusurika tu. Alfajiri, mumewe alipoelezwa habari, alikaa chini ya mwembe ulio uani, hakusema neno.

Tangu siku ile tumefikiri sana, nasi twawaeleza mawazo yetu bila ya kuficha. Mama mzazi hucheleweshwa mahali patatu. Pa kwanza ni nyumbani, watu wanaposhauriana na saa zinakwenda. Pa pili ni njiani, kwa kukosa chombo au nauli. Pa tatu ni hospitalini, na hapo lawama ni yetu sisi. Yule mtoto hatuwezi kusema alikufa wakati gani, lakini robo saa ile ilikuwa mikononi mwetu, nasi hatuwezi kuirudisha. Baada ya hapo kila mlinzi alifundishwa kwamba anayetokwa na damu, anayepumua kwa shida, mwenye kifafa kisichokoma, mtoto asiyeamka, na mwenye mimba aliye na uchungu, hawa hawana foleni. Kadi itaandikwa baadaye.

Nanyi mlio katika foleni, mkiona mtu wa namna hiyo anapitishwa mbele yenu, msinung'unike kwamba pana upendeleo. Huko si kupendelea, ni kupima nani hawezi kungoja. Leo amepita yeye, kesho huenda ukapita wewe. Na kama mgonjwa wenu yu mahututi, msikae kwa adabu. Semeni kwa sauti. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kadhalika yafaa tuseme juu ya ulimi wetu. Twajua wako miongoni mwetu wanaojibu wagonjwa kwa ukali. Kuchoka ni kweli, wagonjwa ni wengi na mikono ni michache, lakini uchovu si hoja ya kumtukana mtu aliyeumia. Mama aliyefokewa katika uzazi wake wa kwanza, wa pili atazalia nyumbani, na pengine asifike tena kwetu ila kama yule wa lori. Mkikosewa, nendeni kwa mganga mfawidhi mkaseme. Hatutachukia.

Sasa tuje kwenye damu. Yule mama alipewa mifuko miwili, na katika jokofu letu usiku ule ilikuwamo hiyo miwili tu ya kundi lake. Damu haitengenezwi kiwandani wala hainunuliwi dukani, hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Tangu Karl Landsteiner alipoyatambua makundi ya damu mwaka 1901, katika mji ule ule wa Vienna, twajua kwamba si kila damu yafaa kwa kila mtu. Makundi ni A, B, AB na O, na damu isiyopatana yaweza kumwua mgonjwa. Tena kabla ya kutumiwa hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Kwa hiyo haifai kungoja mpaka mgonjwa aletwe ndipo atafutwe wa kumtolea. Damu yatakiwa iwepo tayari kabla yake. Wala haikai milele: hata katika baridi ya jokofu huhifadhiwa kwa siku 35 hivi, kisha haifai tena.

Ile mifuko miwili ilitoka kwa nani? Ilitoka kwa wanafunzi wa sekondari waliojitolea wiki mbili nyuma. Hawakumjua yule mama, naye hakuwajua. Mtu mzima mwenye afya, aliyetimiza miaka 18 na uzito wa kilo 50, aweza kutoa damu kiasi cha mililita 450, wala hadhuriki. Mwanamume aweza kutoa tena baada ya miezi 3, na mwanamke baada ya miezi 4. Usiku ule tuliwaomba ndugu waliokuja na lori wajaze pengo la mifuko ile. Walikuwa wanaume watano. Wanne walisema watakwenda kuuliza nyumbani. Mmoja, mdogo wa mume, alikunja mkono wa shati akalala kitandani. Damu yake, ilipokwisha kupimwa, ilimsaidia mtu mwingine asiye wa kijiji chao, kama wageni walivyomsaidia shemeji yake.

Basi, wasikilizaji wetu, tuwaachie maneno machache ya kwenda nayo nyumbani. Mwenye mimba asikose kliniki, na nauli ya siku ya kujifungua iwekwe mapema mahali panapojulikana, pamoja na jina la mwenye chombo. Idhini ya mume itolewe kabla hajasafiri, isingoje damu. Vijana mliotimiza umri, jitoeni mkachangie damu hata kama hamna mgonjwa. Na mfikapo kwetu, mkimkuta mfagiaji ameinama na ndoo yake, mpeni salamu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hospitali haiendeshwi na daktari peke yake.

Yule mama alirudi kwetu baada ya miaka miwili, akiwa na mimba na barua ya rufaa mkononi, wiki nzima kabla ya siku zake. Alijifungua mtoto wa kike, salama. Kabla ya kuondoka alizunguka wodi zote akimtafuta mtu mmoja, wala hakuwa daktari.