Mama Hakuchelewa: Utafiti wa Afya na Lawama kwa Maskini



Ripoti za utafiti wa afya vijijini nimezoea kuzisoma kuanzia mwisho, kwenye ukurasa wa mapendekezo. Pendekezo la kwanza nalijua kabla sijafungua: jamii ielimishwe. Watoto wanakufa kwa malaria, jamii ielimishwe. Wajawazito wanajifungulia nyumbani, jamii ielimishwe. Nyuma ya maneno hayo kuna imani ambayo wasomi wengi wa nchi hii wanayo bila kuikagua, kwamba mtu wa kijijini anauawa na mila zake. Mtoto anashikwa na degedege, bibi anasema ni shetani, mtoto anapelekwa kwa mganga wa kienyeji, anafukizwa na kuogeshwa dawa, na akifikishwa hospitali ni saa ya mwisho. Nimeyasikia haya kwa madaktari, kwa viongozi wa wilaya, kwa wahariri, na, jambo linaloniuma zaidi, nimeyakuta katika tasnifu za wanafunzi wetu wenyewe. Leo nimekuja kuyapinga.

Kwamba afya haigawanyiki sawa kati ya aliye nacho na asiye nacho, sina haja ya kulirudia mbele yenu. Julian Tudor Hart, daktari wa wachimba makaa huko Wales, aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri huadimika pale pale inapohitajika zaidi. Miaka minne kabla yake Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kuonya kuhusu mji kukinyonya kijiji. Tulichoshindwa kukubaliana ni nani wa kuulizwa mtoto anapokufa.

Niwatendee haki ninaowapinga. Hadithi ya degedege hawakuitunga. Makemba na wenzake, katika utafiti wao wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996, walikuta wazazi wanaoitenga degedege na homa ya kawaida, na wanaohofia kwamba mtoto aliyeshikwa na degedege akichomwa sindano atakufa. Nami hofu hiyo nimeisikia kwa masikio yangu. Lakini anachosema mtu akiwa ametulia barazani, anapoulizwa chanzo cha ugonjwa, ni kitu kimoja. Anachofanya usiku wa manane mtoto akitetemeka mapajani ni kitu kingine. Kosa la hoja ninayoipinga ni kuchukua jibu la swali la kwanza na kulifanya jibu la swali la pili.

Swali la pili lilikwisha kujibiwa, tena hapa hapa nyumbani. Naomba mnivumilie nikae na utafiti huu mmoja, kwa sababu hakuna andiko katika fani yetu ninalolirudia mara nyingi zaidi. Ni makala ya Don de Savigny na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2004, kuhusu Rufiji. Wilayani humo kulikuwa na mfumo wa kufuatilia kaya: wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Palipotokea kifo, mtaalamu alikwenda kukaa na wafiwa na kuwauliza kwa utaratibu: ugonjwa ulianzaje, mlifanya nini kwanza, mkaenda wapi baadaye, mlipewa nini. Madaktari walizisoma simulizi hizo ili kukadiria chanzo cha kifo. Kwa njia hiyo watafiti walipata safari ya mwisho ya watoto 320 wa chini ya miaka mitano waliofariki kwa malaria kati ya mwaka 1999 na 2001.

Watoto hawa ndio ambao hadithi yetu inadai waliponzwa na waganga. Basi tuangalie. Asilimia 78.7 walianzia kwenye tiba ya kisasa, yaani dawa ya malaria kutoka dukani, au zahanati, au hospitali. Asilimia 11.9 hawakupata tiba ya aina yoyote. Walioanzia kwenye tiba ya asili, iwe ya nyumbani au ya mganga, ni asilimia 9.4. Ni watoto kama 30 kati ya 320. Tena mpangilio huo haukubadilika mtoto akiwa wa kike au wa kiume, kaya ikiwa na uwezo zaidi au chini, mtoto akiwa na degedege au asiwe nayo. Kati ya marehemu wa umri wote waliotafuta tiba zaidi ya mara moja, hata miongoni mwa wale waliopata degedege, asilimia 90 walikuwa wamefika kwenye tiba ya kisasa katika hatua ya kwanza au ya pili. Waandishi wakahitimisha kwamba tiba ya asili si tena sababu kubwa ya ucheleweshaji.

Mimi nasoma takwimu hizo na kalenda mkononi. Mwaka 1999 dawa rasmi ya malaria nchini ilikuwa klorokwini. Ilipofika Agosti 2001 taifa liliiacha na kuhamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), kwa sababu katika vituo kadhaa vya uangalizi klorokwini ilikuwa ikishindwa kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Kwa hiyo yaelekea sehemu kubwa ya wale mama wa Rufiji walifanya sawasawa na tulivyowafundisha. Waliitambua homa, wakaenda dukani au zahanati, wakanunua dawa tuliyowatajia, wakampa mtoto, na dawa haikufanya kazi. Kisha tukaandika kwamba jamii ielimishwe.

Kwa nini hadithi ya mganga inadumu, basi? Nitawasimulia jambo la nyumbani kwetu, kwani ndipo nilipoanza kulielewa. Nikiwa shule ya msingi, mdogo wangu alishikwa na homa. Bibi alimfunga mgongoni asubuhi ile ile akampeleka zahanati. Mhudumu alimpima kwa kiganja, akaandika dawa kwenye daftari, akasema kasha la dawa la mwezi limekwisha. Bibi akapita dukani. Hela aliyokuwa nayo kwenye pindo la khanga ilitosha nusu ya vidonge, akavichukua. Usiku mtoto akaanza kukakamaa, macho yakageuka. Gari hakuna. Bibi alifanya kilichokuwa ndani ya uwezo wake saa ile: alimwita mzee wa jirani, naye akasoma, akamfunga mtoto hirizi ya kitambaa cheusi kwenye kifundo cha mkono. Alfajiri tukafika hospitali. Muuguzi aliiona hirizi kabla hajauona uso wa mtoto. “Bibi, ninyi mpaka waganga wawashinde ndipo mnatukumbuka!” Bibi hakujibu. Mdogo wangu alipona, lakini mtafiti ambaye angekaa wodini siku ile angemhesabu kama mtoto aliyecheleweshwa kwa mganga.

Hirizi inaonekana mkononi mwa mtoto. Nusu ya dozi haionekani, kasha tupu la zahanati halionekani. Utafiti unaoanzia kitandani hospitalini hukutana na kitu cha mwisho mama alichofanya, ukakiita cha kwanza. Ule wa Rufiji ulianzia nyumbani, ukaifuata njia kwa mpangilio wake, na ndiyo maana ukatoka na jibu jingine.

Hata aliyefanikiwa kufika hospitali hakuwa salama. Hugh Reyburn na wenzake walifuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wagonjwa wa malaria kali katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Vipimo vilivyohakikiwa vilionyesha vimelea kwa asilimia 46.1 tu. Wasiokuwa na vimelea ndio waliokufa zaidi: asilimia 12.1, dhidi ya 6.9 ya waliokuwa navyo. Watu hao walikuwa wamekwisha kufika kwa daktari, na mara nyingi ugonjwa uliowaua haukutafutwa.

Najua pingamizi zitakazokuja, na zina uzito. Kwanza, makala ninayoisifu inahitimisha yenyewe kwamba pamoja na kuboresha huduma vituoni, dalili za hatari zitambuliwe nyumbani na tiba itafutwe mapema. Ni kweli, na wale asilimia 11.9 hawapaswi kusahauliwa. Pili, Joanna Schellenberg na wenzake walionyesha mwaka 2003, katika wilaya za vijijini zinazoonekana kuwa maskini sawasawa, Rufiji ikiwemo, kwamba wazazi wenye nafuu kidogo walizijua vizuri zaidi dalili za hatari, na watoto wao walipelekwa kituoni zaidi.  Lakini ujuzi huo ulikwenda pamoja na kipato, na sioni kwa nini tuuchague ujuzi peke yake. Tatu, mtanikumbusha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili wakijifunza kwa redio vikundini, na vyoo vikachimbwa kila mahali. Naiheshimu kampeni ile kwa dhati. Ilifanikiwa kwa sababu ilimfundisha mtu jambo aliloweza kulitenda kwa jembe lake mwenyewe. Klorokwini isiyofanya kazi haina jembe lake.

Niongeze mizani moja ya mwisho. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulikadiria vifo 147 vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Ule wa 2004/05 ulipata 112, wa 2010 ukapata 81, na wa 2022 ukapata 43. Bibi wa kijijini hawakubadilika kwa kasi hiyo, na degedege bado inasimuliwa. Honorati Masanja na wenzake, walipolichunguza anguko la mwanzo mwaka 2008, walitaja matumizi ya serikali katika afya kuongezeka maradufu, fedha kupelekwa wilayani, vyandarua vyenye dawa, matone ya vitamini A, na watumishi kufundishwa kutibu watoto kwa utaratibu bora. Huduma iliposogea, watoto waliishi.

Kwa hiyo nina ombi kwa idara yangu. Dodoso tunalowapa wanafunzi kwenda nalo vijijini lina kurasa nyingi kuhusu mama: anajua nini, anaamini nini, alichelewa kwa nini. Kuhusu zahanati lina swali moja tu, kama ipo au haipo. Nataka kurasa hizo zigawanywe sawa. Siku ile dawa ilikuwepo? Nani alikuwa zamu? Mtoto alipimwa kwa kipimo gani, akapewa nini, akarudishwa nyumbani kwa maelezo gani? Kuanzia muhula ujao, pendekezo la utafiti litakaloletwa mezani kwangu bila maswali hayo nitalirudisha, na nitakaa na mwanafunzi tuyaandike pamoja.