Dhahabu Iyeyukayo Katika Toluini

Kipande cha dhahabu hakiyeyuki katika maji wala katika mafuta. Ili metali hiyo ikae ndani ya kimiminika, sharti ifanywe chembe ndogo mno, kisha chembe hizo zizuiwe zisishikane. Michael Faraday alifaulu kwa maji: mwaka 1857, jijini London, aliieleza Royal Society jinsi chumvi ya dhahabu inavyogeuzwa na fosforasi kuwa kimiminika chekundu. Lakini chembe zake zilikuwa dhaifu. Zilipotiwa chumvi ya mezani, wekundu uligeuka buluu, kwa sababu zilianza kurundikana.

Mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha Liverpool, Mathias Brust, David Schiffrin na wenzao walifuata njia nyingine. Maji ya manjano yenye chumvi ya dhahabu yalikorogwa pamoja na toluini, kimiminika kinachopatikana kwenye baadhi ya tina za mafundi rangi. Kemikali saidizi iliivusha dhahabu kutoka kwenye maji hadi kwenye toluini. Ikaongezwa dodekanithioli, yaani mnyororo wa kaboni 12 wenye salfa mwishoni, halafu sodiamu borohidridi. Toluini ikawa ya kahawia iliyokoza. Wekundu wa Faraday haukuonekana, kwani chembe hizi zilikuwa na upana wa nanomita 1 hadi 3 tu.

Salfa huing'ang'ania dhahabu, na minyororo husimama kuizunguka kama nywele za brashi. Toluini hupatana na minyororo hiyo, hivyo hupenya katikati yake. Chembe mbili zikisogeleana, minyororo hubanana na kuzisukuma mbali kabla metali hazijavutana. Ethanoli haipatani nayo. Ikimiminwa kwa wingi, minyororo ya chembe moja hugeukia ya jirani, na chembe zote hutua chini.

Mashapo hayo hukaushwa yakawa unga, yakapimwa kwenye mizani na kuhifadhiwa chupani. Yakitiwa toluini au kloroformu, huyeyuka upya, kila chembe ikiwa nzima. Ubora mkuu wa kazi ya Liverpool uko hapa, maana chembe zisizo na koti la namna hii zikikauka hushikamana moja kwa moja.

Mipaka ipo. Chembe kubwa huvutana kwa nguvu zaidi, na mnyororo mfupi hauwezi kuzitenganisha. Baridi nayo huifanya minyororo ijipange na kukamatana. Ncha ya nje ya mnyororo ikibadilishwa kuwa ya asidi, dhahabu ileile huikimbia toluini na kuyeyuka katika maji yenye alkali kidogo.