Jina na Nasaba: Nondo-Unyoya katika Lugha ya Sayansi na katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mijadala ya istilahi za Kiswahili huelekea zaidi kwenye nyanja zenye hadhi: sheria, tiba, uchumi na kompyuta. Wadudu wa uani na wa shambani hawapewi nafasi kubwa, ingawa ndio wanaokutana na mzungumzaji wa kawaida kila siku. Mhadhara huu unamchukua mdudu mmoja miongoni mwao, yaani nondo ambaye mbawa zake zimepasuka mithili ya unyoya wa ndege, ili kulichunguza swali la msingi la isimu: jina la kiumbe hufanya kazi gani, na nani hupata hasara jina hilo linapokosekana au linapopotosha?

Jina linalopendekezwa hapa ni nondo-unyoya. Sababu za pendekezo hilo zitatolewa baada ya kumweleza mdudu mwenyewe, kwa kuwa mtunga istilahi asiyekijua kitu anachokitaja hutunga sauti tupu.

2.0 Mdudu na makazi yake

Nondo-unyoya ni wa familia ya Pterophoridae, jina lililojengwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mbeba unyoya". Zaidi ya spishi 1,000 zimekwisha kuelezwa na wataalamu, na hupatikana katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Kwa kawaida kila ubawa wa mbele umegawanyika vipande viwili na kila ubawa wa nyuma vipande vitatu. Kingo za vipande hivyo zimepambwa kwa vigamba virefu vyembamba vinavyofanana na nywele, na hivyo ndivyo vinavyoleta sura ya unyoya. Anapopumzika, mdudu huyu huzikunja mbawa zake zikawa nyembamba na kuzinyoosha pande zote mbili, hata mwili mzima ukafanana na herufi T. Aonwapo kwenye jani au ukutani karibu na taa, ni rahisi kumdhania kuwa kipande cha jani kavu la nyasi.

Makazi yake hufuata chakula cha kiwavi wake. Spishi nyeupe ya Ulaya, Pterophorus pentadactylus, huishi kwenye vichaka na bustani ambamo hukua mimea inayotambaa ya jamii moja na kiazi kitamu. Buckleria paludum huishi katika maeneo oevu ya Ulaya, na kiwavi wake hula mmea wa Drosera ambao wenyewe hunasa na kumeng'enya wadudu kwa majani yenye utomvu wa kunata; hapo mwindaji ndiye anayeliwa. Agdistis bennetii huishi kwenye maeneo ya pwani za Ulaya yanayofunikwa na maji ya chumvi. Lantanophaga pusillidactyla hula maua ya lantana, na kwa sababu hiyo mwaka 1902 alichukuliwa kutoka Meksiko na kupelekwa Hawaii ili asaidie kuudhibiti mmea huo uliokuwa umevamia malisho.

Kwa Mswahili, spishi mbili zinagusa jikoni moja kwa moja. Sphenarches caffer ameenea katika sehemu nyingi za Afrika. Viwavi wake hula maua na maganda machanga ya fiwi, na hupatikana pia kwenye mimea ya jamii ya mamumunye. Exelastis atomosa ni mmoja wa waharibifu wanaojulikana wa mbaazi nchini India, nchi ambayo ni asili ya zao hilo linalopikwa leo kwa nazi katika mwambao wa Afrika Mashariki.

3.0 Ngeli za Linnaeus

Mwaka 1758 Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alichapisha toleo la 10 la Systema Naturae, ambalo ndilo mwanzo rasmi wa majina ya kisayansi ya wanyama. Katika kuwapanga nondo alitumia mbinu ambayo mwanaisimu wa lugha za Kibantu huitambua mara moja: alilipa kila kundi kiambishi chake. Majina ya kundi la Tortrix yaliishia na -ana, ya Pyralis na -alis, ya Tinea na -ella. Nondo wenye mbawa zilizopasuka, aliowaita Alucita, walipewa -dactyla, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kidole. Hivyo wakapatikana monodactyla, didactyla, tridactyla, tetradactyla, pentadactyla na hexadactyla, yaani wa kidole kimoja hadi wa vidole sita.

Tofauti na Kiswahili ni mahali pa kiambishi tu. Ki- na vi- hutangulia mzizi. -Ana na -dactyla huufuata. Kazi ni ile ile: msikilizaji hulijua kundi kabla ya kukijua kitu. Upatanisho wa kisarufi nao upo. Linnaeus aliandika pentadactyla kwa sababu aliowatia humo ni wa jinsi ya kike katika Kilatini. Spishi hiyo ilipohamishiwa katika jenasi ya Pterophorus, ambayo ni ya jinsi ya kiume, jina lilibadilika likawa pentadactylus. Kanuni za majina ya wanyama hudai upatanisho huo wakati neno la pili ni kivumishi, kama vile sarufi ya Kiswahili inavyodai kusemwa "mtoto mzuri" lakini "kitabu kizuri".

Hata hivyo, idadi ya vidole katika majina hayo haina kipimo kimoja. Pentadactylus ana vipande vitano iwapo mbawa mbili za upande mmoja zitahesabiwa pamoja. Hexadactyla ana vipande sita katika kila ubawa, hivyo kwa jumla ana 24. Monodactyla, ambaye leo huitwa Emmelina monodactyla, hana kidole kimoja kwa hesabu yoyote; mbawa zake zikikunjwa tu ndipo huonekana kuwa kitu kimoja. Zaidi ya hayo, wataalamu wa baadaye walithibitisha kwamba hexadactyla si wa nasaba hii, wakamweka katika familia nyingine, Alucitidae. Kiambishi kimebaki, ukoo umehama.

Kinyume chake pia kipo. Nondo wa jenasi ya Agdistis wana mbawa nzima, zisizopasuka kabisa, lakini ni wa familia ya nondo-unyoya kwa ushahidi mwingine wa maumbile yao. Jambo hili halipaswi kumshangaza mzungumzaji wa Kiswahili. Maneno kiwavi na kipepeo yana umbo la ngeli ya KI-VI, ila husemwa "kiwavi huyu anakula" na "vipepeo wanaruka", kwa kuwa uhai wa kiumbe hushinda umbo la neno. Umbo husema jambo moja, nasaba husema jingine, na sarufi iliyokomaa hujua ipi itangulizwe.

4.0 Tusi lililohifadhiwa katika jina

Majina hubeba pia historia ya watu, na hapo ndipo Sphenarches caffer anapostahili kutazamwa tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1850, mtaalamu wa Kijerumani Philipp Christoph Zeller alieleza nondo waliokusanywa kusini mwa Afrika na Msweden Johan August Wahlberg. Neno caffer alilolitumia lilionyesha mahali: Wazungu wa wakati huo waliliita eneo hilo nchi ya "Wakafiri".

Asili ya neno hilo si ngeni kwa Waswahili. Ni kafir la Kiarabu, lenye maana ya asiyeamini, lililoingia katika Kiswahili kama kafiri na kuzaa jamaa zake kufuru na ukafiri. Waislamu waliofanya biashara katika Bahari ya Hindi walilitumia kuwataja Waafrika wasio Waislamu; Wareno wakalichukua, Waholanzi na Waingereza wakalirithi. Katika safari hiyo neno la dini likawa jina la watu na nchi, na hatimaye, nchini Afrika Kusini, likawa tusi zito la kibaguzi. Wakati maana yake ikichafuka katika vinywa vya watu, katika vitabu vya sayansi lilikwisha kuganda.

Taaluma mbili zimelishughulikia suala hili kwa njia tofauti. Julai 2024, katika Kongamano la Kimataifa la Botania lililofanyika Madrid, wataalamu wa mimea walipiga kura kuondoa herufi ya kwanza katika majina ya aina hiyo, hivi kwamba caffra iwe affra, yaani "ya Afrika". Zaidi ya majina 200 yaliguswa. Kwa upande wa wanyama, Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama ilieleza mwaka 2023 kwamba uthabiti wa majina ndio msingi wake, na kwamba haitayabadili kwa sababu za kimaadili. Kwa hiyo mti unaweza kutakaswa, na nondo anayeishi katika eneo lile lile akabaki na tusi.

Hoja ya uthabiti ina uzito wake: jina likibadilishwa, maandishi ya miaka mingi hupoteza uzi unaoyaunganisha. Lakini uthabiti huo umejengwa juu ya upole wa aliyetajwa kutokuwa na sauti wakati wa kutajwa. Uamuzi wa tume hauwezi kupinduliwa kwa mhadhara. Hata hivyo, haumzuii mtu yeyote kumwita mdudu huyu kwa jina la lugha yake.

5.0 Jina la Kiswahili

Neno nondo tayari lina mizigo. Ni mdudu anayetoboa nguo. Ni chuma cha kuimarishia zege. Na mitaani "kushusha nondo" ni kutoa hoja nzito. Utata huo hutatuliwa na upatanisho: nondo huyu amekufa, nondo hii imepinda. Kwa hiyo neno linafaa kuwa msingi wa istilahi bila hofu.

Kijalizo kinahitaji uangalifu zaidi. "Nondo wa manyoya" lingepotosha, kwa sababu manyoya ni ya ndege na ya wanyama pia, na msikilizaji angemdhania mdudu mwenye mwili wa nywele. Unyoya, katika umoja wake, huelekeza fikra kwenye ndege na kwenye umbo la ubawa mmoja. Mfano wa muundo huo upo kwa wavuvi, wanaosema papa upanga. Wavuvi wameyatunga majina ya namna hiyo kwa kuwa kutofautisha samaki mmoja na mwingine ni riziki yao, na wakati mwingine ni uhai wao.

Mkulima naye ana riziki ya kulinda. Nondo mwenyewe huruka jioni na usiku, naye hamwoni. Amwonaye mchana ni kiwavi, na viwavi wote hukusanywa chini ya neno hilo moja. Lakini kiwavi wa Exelastis atomosa, mwenye miiba mifupi na nywele, hulitoboa ganda la mbaazi kutoka nje na kuingiza kichwa tu, na baadaye hugeuka bundo akiwa ameshikamana na ganda lenyewe. Viwavi wengine huingia mzima ndani ya ganda. Anayewapa wote jina moja atawatafuta wote mahali pamoja, na atawakosa walio kwingine.

Ndiyo maana istilahi inayopendekezwa ina sehemu mbili, ya nasaba na ya makazi, zikiunganishwa na kihusishi cha -a unganifu: nondo-unyoya wa fiwi, nondo-unyoya wa mbaazi, nondo-unyoya wa lantana. Sehemu ya kwanza hufanya kazi ya jenasi, ya pili hufanya kazi ya spishi, na mkulima huelekezwa mahali pa kutazama.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba majina ya kisayansi ya nondo hawa yana ngeli, upatanisho na makosa yake, na kwamba moja miongoni mwayo linamfikisha tusi shambani kwa mtu aliyetukanwa. Kiswahili hakina haja ya kuyatafsiri majina hayo neno kwa neno. Kina sarufi inayojua kutofautisha umbo na uhai, na kina wazungumzaji wanaolijua fiwi, mbaazi na mamumunye kuliko Zeller alivyoyajua. Kazi iliyobaki ni ya wanafunzi wa isimu na wa elimu ya wadudu kwa pamoja: kwenda mashambani, kuyakusanya majina ambayo tayari yamo katika lahaja na lugha jirani, na kutunga mapya pale tu ambapo wenyeji hawajatunga.